Nimetumia hela ya mchango kununua tiketi za maonyesho Venezia, na shoga zangu hawataki kwenda

Anti shikamoo. Naomba usiweke jina langu wala la mtu yeyote, maana hawa ninaowasema wote wanasoma safu yako, mmoja wao ndo alinionyesha.

Mimi ni mama wa miaka 43, kwetu Tanga, naishi Bologna huu mwaka wa kumi na moja, nimeolewa na Mtaliano. Tuko wanawake saba tuliosoma sekondari pamoja Tanga na sasa tumetawanyika, watatu Uingereza, mmoja Ujerumani, mmoja Sweden, mmoja Muscat na mimi huku. Kila mwaka tunachagua mji tunakutana siku nne, tunashona sare, tunakula, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Kwa kweli Anti hizo siku nne ndo zinanibeba mwaka mzima. Mwaka huu zamu ni yangu, tukakubaliana Venezia, mwezi wa tisa. Kila mmoja akanitumia euro 100 za shughuli, mimi ndo mwenyeji na lugha naijua, pamoja na yangu zikawa 700.

Sasa Venezia kuna maonyesho makubwa ya sanaa yanaitwa Biennale, yalianza 1895, yanakuja kila baada ya miaka miwili na nchi mbalimbali zinaleta wasanii wao. Mwaka 2024 Tanzania ilishiriki na banda lake kwa mara ya kwanza. Mimi niko Bologna, treni haifiki hata saa mbili, na sikwenda. Mama mkwe alianguka akavunjika nyonga, nikawa nauguza, kila wiki najiambia wiki ijayo, mpaka Novemba wakafunga. Siku niliyogundua wamefunga nililia jikoni, mume wangu akadhani nimepata taarifa ya msiba.

Anti lazima nikueleze kwa nini. Baba yangu alikuwa mchoraji wa vibao. Si msanii wa kuitwa msanii, alikuwa anaandika majina ya maduka, bucha, saluni, hata matangi ya maji. Rangi anachanganyia kwenye kopo la Blue Band, halafu kabla hajagusa kibao anajaribu kwanza kwenye ukuta wa choo cha uani, kwa hiyo ule ukuta wetu ulikuwa na mistari ya kila rangi aliyowahi kuchanganya. Kuna kibao cha kinyozi mtaani kwetu alichora kichwa cha kijana mwenye panki, sikio moja kubwa kuliko la pili kwa sababu yule kijana aliyekaa achorwe alikuwa anageuka kila msichana akipita. Picha ya hicho kibao ninayo kwenye simu, nilipiga nilipokwenda kumzika 2009. Baba hajawahi kuingia jumba la sanaa hata siku moja maishani mwake. Ndo maana niliposikia Tanzania imeweka banda Venezia niliona kama wamemwita yeye.

Basi mwaka huu tiketi zilipoanza kuuzwa nikaamka alfajiri nikanunua saba, za watu wote, karibu euro 200, kwenye zile za mchango. Sikuuliza mtu. Niliwaza watafurahi. Nikatengeneza ratiba ya zile sehemu mbili za maonyesho, Giardini na Arsenale, nikaitupia kwenye grupu: "Alhamisi. Saa 5 kamili, Giardini. Saa 8, chakula. Saa 9 mpaka saa 1, Arsenale." Kimya. Grupu letu halinyamazi Anti, kitambaa cha sare tu tumebishania wiki mbili kama iwe zambarau au kijani, lakini siku hiyo kimya. Baadaye yule wa Muscat akaandika, "Shoga nimehangaikia viza miezi mitatu, siji kukaa darasani." Mwingine akasema goti lake haliwezi kusimama siku nzima mbele ya kuta. Mwingine akauliza kama kuna picha za watu uchi maana yeye hataki. Halafu wakaanza kupanga vyao palepale, kupanda gondola, zile mashua nyembamba za Venezia, darasa la kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, kisiwa cha Burano kupiga picha kwenye zile nyumba za rangi, kukodi boti tuweke taarabu. Kila mtu analaiki. Ratiba yangu hakuna aliyeigusa tena.

Usiku yule ninayempenda kuliko wote, aliyekuwa anakula kwetu tangu tuko kidato cha kwanza, akanitumia voisi. Anasema, "Usikasirike, lakini tangu uolewe na Mzungu umekuwa mtu wa kutufundisha." Nimeisikiliza mara nne nimejifungia bafuni. Mimi nafundisha nini? Mwaka juzi walipokuja Bologna nilimwambia mmoja asiagize kapuchino baada ya chakula cha mchana maana huku hawafanyi hivyo, tukacheka, nilidhani tulicheka wote.

Mpaka leo hawajui kama tiketi zimeshanunuliwa, na hela hazirudishwi. Nawaza nizilipie mwenyewe nikae kimya. Nawaza niwaambie tu zimeshanunuliwa kwa hiyo twende. Nawaza niende peke yangu niwaache siku moja, lakini mwenyeji gani anawaacha wageni? Bado mwezi na nusu. Nisaidie Anti, silali.

Mwenyeji wa Bologna

*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Pole ya kwanza ni ya baba, najua ni miaka mingi lakini barua yako imeandikwa na mtu ambaye bado anaomboleza.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona ugomvi wa ratiba, wewe unataka sanaa, wenzio wanataka raha. Mara ya pili nikaona mambo matatu yamefungwa kwenye kanga moja. Kuna hela ya watu uliyoitumia bila kuwauliza. Kuna maneno ya rafiki yaliyokuchoma. Na kuna baba. Ukiyabeba yote kwa pamoja huwezi kulala, na mimi nisingelala, kwa hiyo tuyafungue moja moja, ingawa hili la baba nitalirudia rudia maana naona ndo linasukuma mengine.

Nianze na hela, ndo yenye haraka. Nakuamini kabisa kwamba hukula hela ya mtu. Lakini naomba ujiweke kwenye nafasi ya yule wa Muscat. Ametuma euro 100, kahangaikia viza, halafu mwezi wa tisa mnafika Venezia anauliza zimebaki ngapi. Wewe umesema unaweza kuzilipia mwenyewe ukae kimya. Inawezekana, na kuna kitu kizuri hapo, hesabu inakaa sawa na hakuna anayeumia mfukoni. Ila jiulize utakuwa umeingia Venezia na moyo gani. Utawaangalia kwenye boti wanaimba, wewe kichwani una tiketi saba zinazoharibika, na kila wakicheka utaona wanakucheka wewe. Nimeshawahi kuona urafiki wa miaka mingi ukiingia doa kwa siri ndogo kuliko hiyo, tena siri ya mtu aliyekuwa na nia njema. Upande wa pili, ukisema sasa hivi kwenye grupu, kuna atakayewaka, huenda akasema neno baya zaidi ya lile la voisi, na hutaweza kulifuta. Hiyo hatari ipo. Unaweza kuipunguza kwa kumwambia mmoja kwanza, au kwa kusema na kurudisha kwa pamoja, yaani "nilinunua bila kuwauliza, nimekosea, zile hela nimezirudisha kwenye mfuko, tiketi zipo, anayetaka kwenda karibu." Wewe ndo unawajua, utajua lipi watalipokea.

Njia ya kuwaambia zimeshanunuliwa kwa hiyo twende, sitakuficha, hiyo naiogopa. Watakwenda. Wanawake wa Tanga kwa heshima ya mwenyeji watakwenda wote sita, watasimama mbele ya kazi za watu wameshika mikoba, wanatazama saa. Ndo ulichokuwa unakitaka kweli?

Sasa naomba nikuulize kitu, usinione mkali. Umejuaje kama hawapendi sanaa? Hebu soma tena walichoandika. Wa Muscat alisema hataki kukaa darasani. Wa goti alisema goti. Wa tatu aliuliza swali, na swali hilo lina jibu, unaweza kumwambia kwenye maonyesho ya sasa vipo vya kila aina na pengine atakutana na mwili usio na nguo, atapita, hakuna anayemlazimisha kuangalia. Hakuna aliyeandika sanaa ni upuuzi. Halafu hao hao wamebishana wiki mbili juu ya zambarau na kijani! Mdogo wangu, watu wanaobishania rangi wiki mbili hawawezi kuwa hawana jicho.

Mimi ninavyoona walichokikataa ni ile ratiba. Saa 5 kamili, saa 8, saa 9 mpaka saa 1. Nimeisoma na mimi nikakumbuka kengele ya shule. Ndani yake hakuna baba, hakuna kopo la Blue Band, hakuna ule ukuta wa choo. Hujawaambia kwamba 2024 ulilia jikoni. Wamepewa saa na majina ya Kitaliano wasiyoyajua, wakajibu kama anavyojibu mtu aliyepewa saa na majina. Kisa ulichonisimulia mimi nisiyekujua, wao unaowajua miaka thelathini hawana.

Hapo ndo nafika kwenye voisi ya rafiki yako. Imekuumiza na ina haki ya kukuumiza, hilo la kuolewa na Mzungu angeweza kuliacha. Lakini naomba uitenganishe na lile neno. Mtu anayesema usikasirike halafu anakutumia wewe peke yako usiku badala ya kukuumbua kwenye grupu, huyo bado anakutafuta. Anaweza kuwa amekosea kabisa. Anaweza pia kuwa anakwambia kitu ambacho wengine wanakificha. Wewe mwenyewe umeandika juu ya ile kapuchino, "nilidhani tulicheka wote." Kwa nini umeandika ulidhani? Sikwambii kwamba unafundisha watu. Nakuuliza tu kama umewahi kumuuliza yule wa kapuchino siku ile aliionaje. Na huyu wa voisi alikula kwenu, uani kwenu alikuwa anapita, ule ukuta wenye mistari aliuona kwa macho yake. Kati ya wote sita ndo pekee ambaye ukisema baba hahitaji kuelezwa. Ukimpigia inaweza ikawa ngumu dakika tano za kwanza, na huenda akarudia alichosema. Ukinyamaza mpaka mwezi wa tisa mtakutana kituo cha treni mnakumbatiana kwa mikono tu.

Tuje Venezia yenyewe, maana nayo ina mengi ya kukusaidia na nahisi umeigawa mafungu mawili, huku raha zao huku sanaa yako. Hivi havikai mbali kiasi hicho. Mabanda mengi ya mataifa hayamo ndani ya yale maeneo mawili ya tiketi, yapo mjini kwenye majumba ya kale na kwa kawaida kuingia ni bure. Mnaweza kuwa mnatafuta pa kula mkapita moja dakika kumi, mkatoka. Na soma tiketi zako vizuri kama zinaruhusu Giardini siku moja na Arsenale siku nyingine, badala ya kumeza yote Alhamisi, hata mimi nisiye na goti bovu ningechoka. Giardini ni bustani, ina miti na mabenchi, boti ya abiria inasimama karibu kabisa, mwenye goti anaweza kukaa kivulini saa nzima na asihesabike amesusa. Arsenale ndo ndefu. Lakini hapo ndipo Wavenezia walipokuwa wanaunda meli zao zaidi ya miaka 800 iliyopita, na lile jumba refu la maonyesho ni la mita zaidi ya 300 kwa sababu walikuwa wanasokota kamba za meli humo ndani. Waambie watoto wa Tanga hivyo uone kama hawatataka kuchungulia.

Hata gondola usiidharau, ila ipigie hesabu. Bei rasmi mchana ni euro 90 kwa nusu saa na chombo hakizidi watu watano, nyie saba mnahitaji mbili, hiyo ni 180, karibu sawa na tiketi zako. Kuna nyingine inayovusha watu tu kwenye mfereji mkubwa, ya euro 2, mnapanda, mnafika ng'ambo. Sare saba zimepangana kwenye gondola hiyo ya kuvukia, picha itakuwa nzuri na hela ya chakula itabaki. Chakula chenyewe wewe mwenyeji unajua, kwenye vile vibaa mwulize muuzaji kipi kina nguruwe, na muagize sadini za kukaanga zilizolazwa kwenye vitunguu, siki na zabibu kavu, wale wa Uingereza watazililia.

Na kuna hili, nimeliwaza tangu jana. Umetaja vinyago, umetaja Burano, hukutaja shanga. Shanga za kioo za Venezia zilikuwa zinafika mpaka pwani kwetu, misafara inazibeba kwenda bara, watu wananunulia pembe na chakula cha njiani. Na kule Venezia waliokuwa wanazitunga ni wanawake, waliitwa impiraresse, wanakaa nje ya milango kwenye vichochoro, trei ya mbao mapajani imejaa shanga, mkononi wameshika sindano ndefu nyingi zimetanuka kama kipepeo, wanazichota huku wanapiga umbea. Unawaona? Ni bibi zetu kabisa. Mwaka 2020 UNESCO iliuweka ufundi wa shanga za kioo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na mpaka leo zipo karakana zinazofundisha wageni kutengeneza shanga kwenye moto. Wanawake saba wa Tanga mbele ya shanga, kila mmoja na utani wake wa shanga za kiunoni, sioni nani atasema yuko darasani. Siahidi kwamba wakitoka hapo watakimbilia Arsenale. Huenda wakatoka hapo wakataka kulala.

Kama kuna mmoja wao anayesema huko kwenye majumba ya sanaa hakuna letu, mwambie kwenye Gallerie dell'Accademia kuna mchoro wa Carpaccio, mchoraji wa Venezia, wa miaka ya 1490, muujiza kwenye daraja la Rialto, na mbele kabisa kuna mwendesha gondola mweusi, kofia yake ina unyoya, kainama na kasia lake. Weusi wengi waliokuwa pale miaka hiyo walifikishwa kama watumwa, tusilifunike hilo. Lakini amechorwa akiwa kazini, amesimama imara, mji mzima uko nyuma yake. Na hata haya maonyesho ya 2026, aliyepewa kazi ya kuyaandaa ni mwanamke wa Kiafrika, Koyo Kouoh mzaliwa wa Cameroon, akafariki Mei 2025 kabla hayajafunguliwa, wenzake wakaibeba kazi yake. Sina hakika kama hilo ungelianza nalo kwenye grupu. Ila mimi lilinigusa nilipokuwa nakusoma unavyomwongelea mtu aliyefariki kabla hajaingia mlangoni.

Limebaki lile la kwenda peke yako, na hapa nataka ukae ujifikirie bila haraka, usiliruke kwa sababu ya aibu ya uenyeji. Ukiingia mule ndani, ukaona kazi fulani ikakukumbusha mkono wa baba, unataka kuwa na nani pembeni? Kuna watu machozi yanawatoka vizuri wakiwa na wenzao. Kuna wengine wakiwa na watu sita wa sare wanayameza, wanaanza kueleza eleza mambo ili wasilie, na hapo ndo wanaonekana wanafundisha. Wewe ni yupi? Kama ni wa pili, basi asubuhi moja, wao wako Burano, boti kama dakika 45, wewe uko Arsenale, mchana mnakutana. Hasara yake ni kwamba watarudi na vichekesho ambavyo hukuwepo, na picha ya watu sita. Kwa mtu ambaye siku nne zinambeba mwaka mzima hiyo si hasara ndogo. Tena wewe unakaa Bologna, maonyesho yanaendelea mpaka Novemba, unaweza kwenda Jumamosi moja hata kabla hawajafika, ukalia ulie, halafu mwezi wa tisa ukawapokea ukiwa mwepesi. Lakini naona 2024 ulijiambia wiki ijayo, kwa hiyo ukichagua hiyo weka tarehe.

Au labda umegundua unamtaka mmoja tu pembeni, si sita.

Nimekuandikia marefu na bado sijakwambia ufanye nini, nisamehe, hayo ni maisha yako na wao ni watu wako. Ningependa uniandikie tena, hata mistari miwili. Na ile picha ya kibao cha kinyozi, ya kijana mwenye sikio moja kubwa, ulishawahi kuitupia kwenye grupu?